Mugo wa Kibiro Hakubebwa na UFO, Wasee: Maisha ya Mzee wa Kariara Aliyemuota Nyoka wa Chuma

Panda mat ya Thika jioni, ile imejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni, halafu utaje jina moja tu: Mugo wa Kibiro. Kufika Ruiru utakuwa umesikia stori zote. Kuna mzee atakuambia huyo alikuwa nabii wa kweli, Ngai mwenyewe alimfungulia pazia. Kuna mama wa kanisa atasema hizo ni nguvu za giza na tuachane na watu wa vibuyu. Na siku hizi kuna msee wa tatu, kijana wa visikizi na simu ya kioo kimepasuka, yeye anakupea ile mpya: eti Mugo alibebwa na UFO.

Usicheke kwanza. Ukiangalia haraka haraka, huyo kijana ako na kitu. Mzee analala kwake vizuri. Alfajiri anaamka akitetemeka, mwili una michubuko, mdomo haufunguki. Akipata sauti anasema usiku alichukuliwa, akapelekwa nchi asiyoijua, akaambiwa habari za watu wa rangi ya ajabu na dude la chuma linalotema moto. Hii stori ungeipeleka Marekani miaka ya 1960, kabla ya saa sita mtu angekuwa ashachora kisahani kinachopaa na anauza tiketi.

Shida ni kwamba ukiisoma polepole, hiyo UFO inatoka kama jino bovu. Na ikitoka, mzee anayebaki pale ni mkali kuliko yule wa video. Wacha nikupe maisha yake kama yanavyosimuliwa, halafu tubishane.

Mugo ni cheo

Jina lake lilikuwa Chege. Mugo ni kazi. Kwa Wakikuyu, mundu mugo ni mganga: mtu wa kutibu, wa kutakasa, wa kupiga ramli kwa kibuyu chenye mbegu ndani. Anazimwaga, anazihesabu, anakuambia ng'ombe wako anaumwa na nini na ni nani ulimkosea mpaka ukafika hapo. Kwa hivyo kusema Mugo wa Kibiro ni kama kusema Daktari wa Kibiro. Wengine wanaandika Kibiru, wengine Kebiro. Usipoteze usingizi juu ya hiyo.

Kwao ni Kariara, upande wa Gatanga, huko juu ambako siku hizi kuna bwawa la Ndakaini linalopelekea Nairobi maji. Mto Thika unatoka huko ukiteremka mpaka mjini. Kuna simulizi kwamba Kibiro hakuwa baba yake wa kumzaa. Alikuwa mwindaji, akamkuta mtoto peke yake msituni, akamchukua akamlea. Watu wa UFO wakifika hapa wanaruka juu: mtoto hana wazazi, ametoka wapi kama hakushushwa? Buda, Musa aliokotwa mtoni. Karibu kila mtu mkubwa wa hadithi za zamani ameokotwa mahali. Na Wakikuyu wa enzi hiyo walikuwa na kawaida ya kupokea watu wa nje, Wamaasai na Wadorobo wakiwemo, wakawafanya wa nyumbani. Mtoto kuokotwa na kupewa jina la aliyemuokota haikuwa sinema.

Aliishi karne ya 19, wakati huku kwetu reli haijafika. Mwaka wa kuzaliwa usiulize, kila anayeandika anatoa wake. Watu walihesabu kwa rika: wewe ulitahiriwa mwaka wa nzige, yule mwaka wa njaa fulani. Ukiona mtu mtandaoni anakupa tarehe kamili ya kuzaliwa kwa Mugo, huyo anakuuzia hewa, sawa na wale wanauza ploti za Juja ambazo ukienda kuziona unakuta ni barabara.

Kazi yake haikuwa ya mgonjwa mmoja mmoja pekee. Katika masimulizi, yeye ndiye alikuwa na jukumu la kuambia jamii nzima kinachokuja na namna ya kujiandaa. Shika hiyo. Mganga wa kiwango hicho alikuwa mtu anayepita watu wengi, anayesikiliza kila mtu, anayeletewa siri za kila boma. Kwa lugha ya leo, msee mwenye rada.

Ile asubuhi

Masimulizi yaliyojulikana zaidi ni ya Jomo Kenyatta, kwenye kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, na nitafuata hayo.

Mugo aliamka mapema akitetemeka na hawezi kuongea. Mwili ulikuwa na michubuko. Wake zake wakashtuka, wakaita wazee. Wazee hawakuanza kupiga picha. Walifanya kilichofanywa: mbuzi akachinjwa, Mugo akakalishwa juu ya ngozi mbichi, mzee mkubwa akampaka damu kichwani huku maombi yakiendelea. Polepole sauti ikarudi.

Ndipo akaeleza kwamba usingizini Ngai alimpeleka nchi asiyoijua, akamwambia mambo ambayo yangewapata watu wake. Na habari hizo zilimuumiza mpaka akapoteza nguvu.

Akasema watakuja wageni kutoka kwa maji makubwa. Rangi yao itakuwa kama ya kiengere, yule chura mdogo mweupe-mweupe wa majini. Nguo zao kama mabawa ya vipepeo. Watabeba vijiti vya uchawi vinavyotoa moto, na vijiti hivyo vitaua vibaya kuliko mishale yenye sumu. Baadaye wataleta nyoka wa chuma mwenye miguu mingi kama jongoo, anatema moto, naye atajinyoosha kutoka maji makubwa ya mashariki hadi maji makubwa ya magharibi. Kabla ya huyo nyoka itakuja njaa kubwa, na hiyo ndiyo itakuwa alama kwamba wageni wako karibu. Watu watachanganyikana na kuoneana bila huruma. Watoto watawatusi wazazi kwa namna ambayo haijawahi kuonekana.

Vijana wa vita waliposikia hivyo damu ikachemka. Wakataka kuchukua mikuki waende wamuue huyo nyoka pamoja na wenyewe. Mugo akawatuliza. Aliwaambia mikuki haitafika, hao jamaa watawamaliza wakiwa mbali. Ushauri wake ulikuwa wa kichwa baridi: wakija, wapokeeni kwa adabu, fanyeni urafiki nao, lakini muwe na shaka nao kila wakati. Msiwaache wakaribie maboma yenu. Wataitamani hii ardhi, na mwisho watataka kila kitu.

Sasa rudi kwa kijana wa visikizi. Katika maneno hayo yote chombo kiko wapi? Taa iko wapi? Viumbe wa macho makubwa wako wapi? Hata aliyemchukua ana jina, ni Ngai, na Ngai wa Wakikuyu ana makazi yanayojulikana: Kirinyaga kwanza, na milima mingine midogo kama Kilimambogo, ile unaiona kutoka Thika asubuhi mawingu yakiondoka. Halafu hii ndiyo inanimaliza: wageni hawakutoka juu. Walitoka kwa maji. Ndiyo maana wakafananishwa na chura. Msee ambaye alionyeshwa viumbe wa nyota za mbali angesahau vipi kutaja anga?

Michubuko na mdomo kukauka

Kuamka ukiwa hujiwezi si kitu cha sayari nyingine. Pwani wanaita jinamizi. Unapoota, ubongo unazima misuli ili usirushe mateke kitandani. Mara nyingine akili inaamka kabla misuli haijawashwa. Unaona chumba, unataka kupiga nduru, sauti haitoki, na kuna uzito kifuani kama mtu amekukalia. Inadumu sekunde au dakika chache. Kila jamii duniani ina jina la huyo anayekukalia: kwingine ni jini, kwingine bibi kizee, kwingine pepo. Marekani ya siku hizi mara nyingi anakuwa kiumbe wa kijivu mwenye macho makubwa. Mwili ni ule ule, wanabadilisha tu mtu wa kulaumu.

Siwezi kumpima mgonjwa aliyekufa kabla nyanya yangu hajazaliwa, kwa hivyo sisemi Mugo alikuwa na jinamizi. Nasema tu dalili zake hazihitaji injini.

Linganisha na ile kesi inayoitwa mama wa kesi zote. Septemba 1961, mtu na mkewe, Barney na Betty Hill, walikuwa wakiendesha gari usiku New Hampshire. Waliona mwanga unawafuata. Baadaye Betty akaanza kuota ndoto kali, akaziandika, akawa anazisimulia. Mwaka wa 1964 daktari wa akili, Benjamin Simon, aliwalaza usingizi wa hipnosi, na huko ndani ikatoka stori nzima ya kubebwa na kupimwa ndani ya chombo. Dunia ikasimama. Lakini daktari mwenyewe, yule aliyekuwa chumbani, hakuamini walibebwa. Aliona ni ndoto za Betty, na Barney alikuwa amezisikia mara nyingi mpaka zikawa zake.

Tofauti ni moja. Ndoto ya Betty iliuzwa kama safari. Ndoto ya Mugo ililetwa mbele ya wazee ili iamuliwe ifanyiwe nini.

Alijuaje basi?

Hapa ndipo wengi hunishika shati. Sawa, hakuna UFO, lakini mzee wa Kariara alijuaje treni?

Kwanza, Kariara haikuwa mwisho wa dunia. Wakamba walikuwa wakienda na kurudi Pwani na pembe za ndovu kwa miongo mingi, na Wakikuyu walikuwa wakibadilishana nao chakula na bidhaa nyingine. Shanga, nguo na nyaya za shaba zilipita, na kitu kikipita, habari zake zinapita nayo. Bunduki zilikuwa kwenye misafara. Mzungu Johann Krapf alifika Ukambani na kuuona Mlima Kenya kwa mbali mwaka wa 1849. Miaka 50 baadaye ndiyo reli ilifika Nairobi. India ilikuwa na treni tangu 1853, na Mombasa na Zanzibar zilijaa watu waliotoka India. Mtu mmoja anamwambia mwingine huko bandarini kuna habari za dude la chuma. Huyo anamwambia Mkamba, Mkamba anamwambia mteja, na mteja anaumwa tumbo anaenda kwa mganga.

Pili, hakuwa peke yake. Wakamba wana Syokimau, ambaye pia anasemekana aliona nyoka wa chuma, na leo stesheni ya treni ina jina lake. Wanandi wana Kimnyole, aliyeuawa 1890, naye anatajwa na nyoka wake wa moto na moshi. Nabii watatu, jamii tatu, nyoka mmoja. Mtu wa UFO anasema hiyo ni ushahidi kwamba kuna kitu kilikuwa kinazunguka juu yetu. Mimi naona habari moja ikitembea kwa njia za biashara, au stori moja iliyopendwa mpaka kila jamii ikapata ya kwao. Pengine zote mbili.

Tatu, na hii ndiyo ngumu kwa sisi tunaompenda huyu mzee: angalia ni lini iliandikwa. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika ziwani Kisumu 1901. Hapo katikati njaa kubwa na ndui zilifagia Ukikuyu, njaa ile wazee waliiita ya Ruraya, yaani ya Ulaya. Tawi la reli lilipita Ruiru likafika Thika 1913. Kitabu cha Kenyatta ni 1938. Kila kitu kilichotabiriwa kilikuwa kimeshatokea na tiketi zimeshakatwa. Stori ikisimuliwa kwa mdomo miaka 40, sehemu zilizokosa zinaanguka njiani, zile zilizopata zinanona. Hakuna anayedanganya. Wewe mwenyewe ukisimulia ile siku ulitabiri Gor itafungwa, hutaji zile siku zingine 6 ulisema itafungwa na ikashinda.

Na Kenyatta hakuwa mtu wa kuandika kwa burudani. Alikuwa London, mtoto wa Gatundu hapo juu ya Ruiru, akipigania ardhi iliyochukuliwa. Unabii unaomalizika kwa onyo kwamba wageni watataka ardhi yote ulikuwa silaha nzuri sana mwaka huo. Sisemi aliutunga. Nasema alijua ni sehemu gani ya kupaza sauti.

Hii tabia ya stori kunona ndiyo ile ile ya UFO. Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliripoti vitu 9 vikipita kasi karibu na Mlima Rainier, Marekani. Alieleza kwamba vilikuwa vikirukaruka kama kisahani kinachorushwa juu ya maji. Magazeti yakaandika visahani vinavyoruka. Arnold alikuwa anaeleza mwendo, lakini baada ya hapo watu walianza kuona umbo la kisahani kila mahali. Hata huku hatukubaki nyuma: Februari 1951 marubani wa East African Airways waliokuwa wakielekea Mombasa waliripoti kitu kinachong'aa juu ya Kilimanjaro. Miaka 10 nyuma pengine wangeripoti wingu la ajabu na kuendelea na chai.

Mugo naye anaongezwa kila msimu. Nyongeza zimekuja na viberiti, moto wa kubebwa mfukoni. Zimekuja na ndege. Ngoja kidogo, mtu atasema aliona M-Pesa.

Ule mti wa Thika

Thika kuna mahali panaitwa Mugumo Gardens. Inasimuliwa kwamba Mugo alisema utawala wa wageni utaisha siku mugumo ule utakapoanguka. Waingereza waliposikia wakauzungushia chuma usianguke. Halafu mwaka wa 1963, mwaka wenyewe wa uhuru, radi ikaupiga ukaanguka. Ukiisikia mara ya kwanza nywele zinasimama, hata zangu.

Lakini ujue mugumo ni mti wa aina gani. Mara nyingi unaanza kama mbegu iliyoachwa na ndege juu ya mti mwingine. Unateremsha mizizi, unamkumbatia mwenyeji mpaka anakufa, anaoza, na mugumo unabaki na shimo katikati. Mugumo mzee ni mkubwa, mrefu, na mara nyingi mtupu ndani. Wakikuyu hawakati mugumo kwa sababu ni mahali pa sadaka, kwa hivyo miti mingine ikikatwa wenyewe unabaki peke yake, ukingojea radi. Na hakuna mtu hufunga mti mzima mzima kwa chuma. Ukiona mti umefungwa, ulikuwa umeanza kupasuka.

Tarehe ndiyo inashangaza, nakubali. Ila hata hapo, angalia nani alikuwa na woga. Serikali yenye bunduki na ndege, iliyomaliza miaka ya hali ya hatari ikipambana na Mau Mau, inasimuliwa ikikesha kulinda mti kwa sababu ya maneno ya mganga wa Kariara aliyekwisha kufa. Watu wa Thika wanaipenda hii stori kwa sababu hiyo, na wana haki.

Vitu vinavyoanguka kweli

Usinielewe vibaya, vitu huanguka kutoka juu. Asubuhi ya Julai 16, 2011, kimondo kilianguka karibu na Thika. Watu walisikia mshindo, mawe yakaokotwa mashambani, na leo kimeandikwa kwenye orodha za vimondo vya dunia kwa jina la Thika. Jiwe la umri wa miaka kama bilioni 4.5, kutoka anga za mbali kabisa, limetua kwa shamba la mtu Gatanga-Gatanga huko. Hiyo ndiyo ziara halisi ya angani tuliyowahi kupata, na wangapi wanaijua? Hakuna aliyetengeneza video ya sauti ya kutisha juu yake.

Desemba 30, 2024, kijiji cha Mukuku, Makueni, pete ya chuma ilianguka. Kipenyo mita 2.5, uzani kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja likasema ni kipande cha roketi. Wanakijiji walikuwa na swali moja la maana kuliko yote ya mtandaoni: ni ya nani, na kama ingeniangukia nani angelipa? Hivyo ndivyo mtu mwenye akili anauliza kuhusu chuma kutoka juu. Ndivyo pia Mugo aliuliza kuhusu chuma kutoka baharini.

Kwa nini nimekasirika kidogo

Utaniambia, wacha watoto wafurahie, UFO haiumizi mtu. Sikubali. Wazungu wa kwanza kufika Great Zimbabwe walikataa kabisa kwamba Mwafrika alijenga yale maboma ya mawe. Wakasema Wafoinike, wakasema Malkia wa Sheba. Wachimbaji wa mambo ya kale, Randall-MacIver mwaka wa 1905 na Gertrude Caton-Thompson 1929, walichimba wakakuta ni kazi ya Waafrika wenyewe, na bado wengi wakaziba masikio. Mwaka wa 1968 Erich von Däniken akaja na kitabu kikauzwa kama mkate, kikisema wageni wa anga ndio walifundisha watu wa kale. Angalia ni kazi za kina nani zinapewa wageni wa anga mara nyingi: piramidi za Misri, za Mexico, mistari ya Peru. Makanisa ya mawe ya Ulaya yanaachiwa wenyewe.

Ukisema Mugo alibebwa na UFO, unamnyang'anya kazi yake. Kwa sababu toa ndoto, toa damu ya mbuzi, toa hata nyoka. Bado unabaki na mzee anayesimuliwa akisimama mbele ya vijana wenye mikuki na kuwaambia kitu ambacho hakuna kijana anataka kusikia: hii vita hamuiwezi, tumieni akili. Wazee waliofikiria hivyo walikuwepo. Lugard alifika Dagoretti 1890 na Waiyaki wa Hinga akafanya naye urafiki. Miaka miwili baadaye Waiyaki alikuwa amekamatwa na Waingereza, akafa Kibwezi akipelekwa Pwani. Adabu ilikuwepo. Ile shaka ndiyo ilikuja kuchelewa.

Na kuhusu ardhi, tembea tu. Tajiri wa Marekani, Northrup McMillan, alikuja akachukua maelfu ya ekari Juja, akamkaribisha Roosevelt hapo 1909 kuwinda. Alipokufa 1925 alizikwa Ol Donyo Sabuk, yaani Kilimambogo, ule ule mlima ambao wazee waliuhesabu kati ya nyumba za Ngai. Wazazi wa Elspeth Huxley walipata shamba Thika, naye akaja kuandika kitabu kuhusu miti ya huko, The Flame Trees of Thika, 1959, ambacho watalii bado wananunua. Mkonge na kahawa vikajaa kutoka Ruiru mpaka Makuyu, na wenye ardhi wakawa vibarua wa kuvuna kahawa kwa debe. Msiwaache wakaribie maboma, mzee alisema. Huhitaji kiumbe wa sayari nyingine kukuonyesha hiyo. Unahitaji kujua watu.

Ngugi wa Thiong'o alimweka Mugo kwenye The River Between mwaka wa 1965, kama babu ambaye maneno yake yanasumbua vizazi. Kuhusu siku zake za mwisho husikii mengi, watu wanapenda ndoto kuliko uzee. Inatosha kusema aliwaachia wa Kariara maneno ambayo waliendelea kuyapima kwa kila kitu kipya kilichopita njia.

Nyoka mwenyewe? Bado anapita Ruiru asubuhi akibeba watu wa kazi. Kwa Kikuyu treni ni mugithi. Na Ijumaa usiku, ukitembea klabu yoyote ya Thika Road, mwenye gitaa akianza utaona watu wazima, wengine na suti zao za ofisi, wanashikana viuno mmoja nyuma ya mwingine, mstari unazunguka meza, unapita jikoni, unatoka nje kwa parking na kurudi, miguu mingi kama jongoo. Wanaita hiyo dansi mugithi.